Wapi pa Kuchukua Oili ya Turbo

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu nitoke nyumbani. Mtoto wangu wa mwisho nilimwacha anatambaa. Jana kwenye simu aliniamkia, "Shikamoo, mjomba." Mama yake akacheka. Mimi sikucheka.

Ndiyo maana leo, msimamizi wa machimbo alipotangaza kwamba likizo ni ya mtu mmoja, wiki tatu, na ataipata atakayeiongezea nguvu injini ya mashine ya kuponda kokoto kwa kuifungia turbo, ikafanya kazi siku nzima bila kuzimika, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia nimeshafunga turbo tatu. Ukweli ni kwamba niliwahi kushika tochi turbo ikifungwa. Mara moja. Na betri ziliisha.

Fundi Kipimo, ninayelala naye chumba kimoja, aliniangalia tu. Tunamwita hivyo kwa sababu hakazi nati bila kupima. Hata kukoroma anakoroma kwa vipimo.

Jumanne, 4 Machi

Turbo imekaa vizuri. Imetoka kwenye lori lililokufa. Ina kutu kiasi, kama mimi. Imebaki kuamua wapi pa kuchukua oili. Ule mhimili wake unazunguka kwa kasi ya ajabu, ukikosa oili unajitafuna.

Kipimo akaja bila kuitwa. Akasema nichukue kwenye tundu la swichi ya oili, ubavuni mwa injini, ile inayowasha taa nyekundu presha ikishuka. Nifunge pale kiungo chenye midomo mitatu, ili swichi ibaki na turbo ipate yake. Akarudia mara mbili, kama anaongea na kiziwi: turbo inataka oili yenye presha, siyo oili tu.

Nilimshukuru sana. Mtu anayeitaka likizo hiyo hiyo anionyeshe njia! Mimi si mtoto mdogo.

Nilifungua kifuniko cha juu cha injini, nikaiwasha hivyo hivyo. Oili ilinirukia mpaka masikioni. Ipo ya kumwaga! Nikatoboa kifuniko, nikafunga bomba pale. Mpaka kwenye turbo ni shubiri mbili. Kusoma sana kumempofusha Kipimo.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nilimpigia mke wangu, nikamwambia Jumapili nipo nyumbani. Akauliza Jumapili ya mwaka gani. Ana maneno huyu.

Tuliwasha saa tatu. Turbo ikapiga mluzi mtamu. Msimamizi akatabasamu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Dakika ya nane mluzi ukageuka kilio cha paka aliyebanwa na mlango. Kipimo akakimbia kuzima injini. Tulifungua bomba. Kavu. Oili yote ile kule juu, na hakuna tone lililoona haja ya kushuka.

Kipimo akafunga geji yake ya kupimia presha pale nilipotoboa, tukawasha kidogo. Mshale haukuinuka hata kwa heshima.

Msimamizi aliniuliza zile turbo tatu nilizifunga wapi. Nikasema mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Turbo imenusurika. Kipimo ameniombea nafasi ya pili. Alimwambia msimamizi huyu ndugu yetu ana mtoto asiyemjua. Kisha akaniletea kiungo chake cha midomo mitatu, amekifunga kwenye kitambaa safi.

Sikukipokea. Leo kiungo, kesho atasema likizo tugawane.

Lakini lile tundu la swichi nimelikubali. Nimeng'oa swichi yote, bomba la turbo nikalichomeka pale. Kwa kuwa bomba halikutosha urefu, nimeunga na mpira wa maji. Waya wa swichi unaning'inia. Taa nyekundu haiwaki kabisa. Kipimo akauliza presha ikiisha nitajuaje. Nikamwambia taa haiwaki kwa sababu presha ipo. Akafunga macho, akaenda kunywa maji.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja mpaka saa saba mchana, bila kuzimika! Mawe yaliyokuwa yanaikaba mashine sasa inayatafuna kama karanga. Nilikaa kwenye ndoo mbele ya ile taa, siangalii kingine. Haikuwaka. Nilianza kupanga nguo za safari kichwani.

Saa nane mpishi alipiga kelele jikoni, nyuma tu ya mashine. Akauliza nani amemwaga oili mpaka kwenye sufuria zake. Mpira wa maji ulikuwa umelainika kwa joto la bomba la moshi, ukapasuka. Injini ilikuwa imebakiwa na oili ya kupaka mkate. Kipimo alizima tena. Mimi bado nilikuwa naiangalia taa.

Jumatatu, 10 Machi

Kipimo alifanya kazi siku mbili. Akabadilisha vyuma vilivyolika, akafunga kiungo chake, bomba la chuma, swichi mahali pake. Leo imefanya kazi kutwa. Likizo ni yake.

Nilipomwambia mke wangu, alikata simu. Hilo ndilo baya. Afadhali angetukana.

Jumatano, 12 Machi

Kipimo ameondoka alfajiri. Msimamizi akaniita. Akasema zamu inayofuata ya likizo ni yangu, kwa sharti moja: Kipimo akirudi aikute injini inanguruma. Akasema sitakiwi kufanya lolote. Nimwage mawe, nisiguse oili. Nikaapa. Hata mtoto mchanga angeliweza sharti hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeliangalia bomba la Kipimo kwa utulivu. Ni jembamba mno. Turbo inanyonya kama mgonjwa anayekunywa dawa. Na kuna mahali ambapo hakuna aliyepafikiria, hata yeye na geji yake: tundu la kijiti cha kupimia oili! Kila asubuhi tunachovya kijiti pale, kila asubuhi kinatoka kimelowa. Ushahidi gani zaidi?

Nimeshalegeza nati mbili za bomba lake, nilihamishie pale. Kesho wakati wa chakula namalizia. Msimamizi akiona, pengine hatasubiri hata Kipimo arudi.

Nimempigia mke wangu. Jumapili, tarehe 6 Aprili, kabla ya saa sita mchana, nipo mlangoni. Nimemwambia safari hii ni hakika.