Msumari Sikioni

Jumanne, 10 Juni 2025

Mapinga. Zege tangu asubuhi. Mgongo huu si wangu tena, ni wa mwenye nyumba tunayemjengea.

Habari kubwa! Lembris, Mmasai anayelinda nyumba ya wageni ya Bi Sabiha kule Bagamoyo, anarudi kwao Kiteto. Nafasi iko wazi. Kazi yenyewe: kukaa kwenye kiti kivulini, kushika fimbo, kuamkia wageni. Kiti! Tangu nitoke Mpwapwa nimekalia ndoo na matofali tu.

Saiti nzima inasema Bi Sabiha hachukui mtu ila Mmasai. Mimi Mgogo. Lakini bibi yangu alinitoboa masikio nikiwa mdogo, kama wazee wa kwetu walivyotobolewa. Ndewe zipo hadi leo, njiti ya kiberiti inapita. Zikitanuka mpaka kidole kipite, nani ataniuliza kabila? Sitadanganya. Nitakaa kimya, masikio yaseme.

Bi Sabiha ataonana na watu Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala.

Maulidi naye anaitaka. Huyu ni Mkwere wa Miono, tunasukuma toroli moja. Leo kanunua shuka jekundu. Mjinga. Shuka kila mtu anaweza kununua.

Jumatano, 11 Juni

Bibi alitanua ndewe zake kwa vijiti vya mti, polepole, miaka na miaka. Bibi hakuwa na Ijumaa.

Nimechukua msumari mnene wa saiti, nikaukata kichwa na ncha, nikaupaka mafuta ya kupikia. Nimeanza na sikio la kushoto. Nimeuma kofia ili nisipige kelele. Umeingia! La kulia litafuata wiki ijayo.

Ijumaa, 13 Juni

Linawasha. Si kuwasha kwa mbu. Kuwasha kwa upupu. Ngozi yote kuzunguka msumari imekuwa nyekundu, ina vipele vidogo vidogo. Nadhani ni vumbi la saruji.

Au chakula. Nina vipele kama hivi chini ya kitovu tangu mwaka jana, na siku zote nimeyashuku maharage ya Mwanabaraka, mama lishe wetu. Nilimnong'oneza Maulidi jambo hilo. Maulidi akalipeleka jikoni likiwa bado la moto.

Mwanabaraka akanipakulia wali mkavu mbele ya watu wote. Akasema, "Kaka Masima, maharage yangu hayakutaki. Na hilo ulilobeba ni sikio au sambusa?"

Watu wamecheka mpaka fundi akaja kuuliza kuna nini. Nimekula wali mkavu.

Jumapili, 15 Juni

Nimegundua kosa. Msumari ni chuma cha ujenzi, sikio ni kitu cha heshima. Nimekwenda sokoni Bagamoyo, nimenunua hereni nene inayong'aa. Muuzaji ameapa ni fedha tupu. Ilipokuwa inaingia nilimwona bibi yangu, na bibi amefariki.

Jioni. Limevimba mara mbili. Linatoa majimaji ya njano, yanakauka shingoni kama gundi. Naogopa. Kutoka sikioni mpaka kwenye ubongo ni karibu sana, hakuna hata mlango. Mama amepiga simu kuuliza hali. Nimemwambia salama. Akauliza mbona napumua kama niko kwenye kilima.

Jumatatu, 16 Juni

Lembris kapita kwa Mwanabaraka kunywa chai na kuaga. Nikamvuta pembeni anifundishe siri ya masikio. Akateremsha shuka kichwani. Masikio yake ni kama ya mwalimu wa shule! Hata tundu hana. Kasema baba yake ndiye mwenye ndewe ndefu, yeye alikataa, na alipoajiriwa Bi Sabiha alimuuliza jambo moja tu: kama halali kazini.

Kisha akalitazama sikio langu, akaacha kucheka. "Ndugu yangu, toa hicho chuma leo. Kwetu sikio likiuma hivyo hatulitanui zaidi, tunasubiri."

Simwamini. Anayeondoka kazini lazima ana mdogo wake njiani kuja kuchukua nafasi. Sijatoa.

Jumatano, 18 Juni

Nimetoa. Nimetolewa, tuseme. Asubuhi hereni ilianza kuzama ndani ya nyama, nikakimbia zahanati na viatu vya saiti.

Nesi hakucheka. Ameitoa, akasafisha, akanipa dawa. Kisha akaniambia nipandishe shati, akaangalia vipele vya kitovuni, akagonga chuma cha mkanda wangu kwa kalamu. Anasema ugonjwa ni mmoja. Ngozi yangu inakataa madini yanayoitwa nikeli, yamejaa kwenye hereni na mikanda ya bei rahisi, hata kwenye misumari mingine. Hiyo fedha tupu ni rangi ya juu tu. Tundu lenyewe nimelichana kwa haraka, ndiyo maana uchafu umeingia. Nisiweke kitu chochote mpaka lipone kabisa.

Kumbe maharage hayana kosa. Sitamwambia Mwanabaraka, atavimba yeye.

Keshokutwa ndiyo Ijumaa, na masikio yangu hayana la kusema.

Ijumaa, 20 Juni

Maulidi kaingia kwanza, kavaa lubega, analishika shuka kwa mikono miwili lisianguke. Bi Sabiha akamwomba amwamkie Kimasai. Maulidi akaamkia Kikwere. Bi Sabiha, ambaye mama yake ni Mkwere wa Fukayosi, akaitikia Kikwere vizuri kabisa, akamuuliza habari za Miono. Maulidi katoka na shuka mkononi.

Nikaingia na bandeji. Shikamoo. Marahaba. Nikasema kabla sijaulizwa kwamba mimi ni Mgogo. Akasema hakuniuliza. Akaitazama bandeji.

"Unalala usiku, mwanangu?"

Nikashindwa kudanganya. Nikasema sijafumba jicho wiki nzima kwa sababu ya hili sikio. Mlio wowote nausikia, hata paka akipita kwa jirani.

Bi Sabiha akapiga meza. "Basi mlinzi nimempata. Njoo Jumatatu jioni. Kidonda ukifunike vizuri, wageni wanakula hapa."

Nina kiti!

Jumapili, 22 Juni

Sikio limepoa. Halitoi maji, haliwashi. Jana nililala saa moja ya jioni, nikaamka jua liko utosini. Mwanabaraka anasema walinitingisha, wakanimwagia maji, Maulidi akapiga sufuria karibu na kichwa changu. Sikusikia kitu.

Nimekaa na hofu tangu hapo. Bi Sabiha kaajiri mtu asiyelala. Kesho ataletewa gogo. Nitafukuzwa usiku wa kwanza, nirudi kwenye zege, Maulidi akalie kiti changu.

Nimefikiri sana. Nesi alisema nisiweke kitu mpaka lipone, na wakati anasema alikuwa ameshika sikio la kushoto. La kulia hakuligusa. Hereni ninayo bado, nimeiosha kwa sabuni.

Imeingia kwa shida kidogo. Sasa ni magharibi, na limeanza kuwasha.

Namshukuru Mungu.