Mama Mkwe Si Kuukuu, Ni Antiki

Ugomvi wa siku hiyo ulianzishwa na redio. Msomaji wa habari alitangaza, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba huko ng'ambo kiti kimoja kikuukuu, tena chenye mguu uliolegea, kimeuzwa mnadani kwa bei ya nyumba na uwanja wake. Kwenye benchi la Mama Birika, muuza kahawa, vikombe vikasimama njiani kabla ya kufika midomoni.

"Kiti kibovu?" akauliza Brashi, mwandika mabango, ambaye kucha zake zilikuwa na rangi nyingi kuliko za bibi harusi.

"Kikuukuu, si kibovu. Sikiliza vizuri!" Taarifa, kinyozi mwenye redio yake, alishatoka dukani na mkasi mkononi. Ndani, mteja alibaki na kichwa kilichonyolewa nusu.

"Jamani, hilo neno lisitajwe hapa," alisema Spoku, fundi baiskeli, bila kuinua uso. Alikuwa amekaa juu ya tairi, anazungusha rimu ambayo ilishanyooka tangu asubuhi.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kijiwe kizima kilijua. Mwanzoni mwa mwezi mama mkwe wake alikuja kuwatembelea, akanogewa, akachelewa kuondoka. Spoku akamwambia mkewe jikoni, kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Mama yako mwili mkuukuu, lakini tumbo bado jipya kabisa." Alisahau kwamba yule mama ni mkunga mstaafu. Masikio yaliyosikiliza watoto kabla hawajazaliwa yangeshindwaje na ukuta wa jikoni? Mama alifunga mzigo palepale, na binti yake akafunga wake.

Leo alasiri walikuwa wanakuja wote wawili. Mke alituma ujumbe mfupi: mama anataka kusikia mwenyewe utamwitaje. Ukimwita vizuri, narudi. Ukimwita vibaya, nimefuata sufuria zangu.

"Mwite mzee, basi," alisema Brashi.

"Mzee nilishamwita. Akaniuliza nani kazeeka."

"Kikongwe?"

"Brashi, unanitakia mema kweli?"

"Ajuza?"

"Hilo hata kwenye hadithi linamla mtu!"

Taarifa akagonga mkasi kwenye nguzo kama hakimu. "Tulieni. Tatizo la Spoku ni lugha. Kiswahili kimeshamvunjia nyumba. Na yule mama kasomea ukunga kwa Kiingereza. Hebu tumtafutie neno la Kizungu. Wazungu kwa uzee wana maneno mengi kuliko sisi tulivyo na wazee."

Spoku akaacha rimu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yakapata uhai. "Kama yapi?"

"Kuna oldi."

"Oldi nalijua hata mimi," Mama Birika alidakia. "Oldi ni soksi. Oldi ni betri. Mtu akikuita oldi, jua anakaribia kukutupa."

"Haya, kuna enshenti."

"Hilo zito," alisema Brashi. "Lina heshima."

"Lina heshima lakini lina popo!" Taarifa akacheka peke yake. "Enshenti ni magofu, bwana. Ili kitu kiwe enshenti lazima paa liwe limeanguka, na mlangoni akae mtu anakata tiketi. Unamwambia mkweo paa limeanguka?"

Spoku akashika kichwa, na grisi ikabaki kwenye paji la uso.

"Elderli je?" Brashi aliuliza. "Niliwahi kuliandika hospitali, juu ya dirisha la wazee."

"Hilo la adabu. Halitukani mtu," alisema Taarifa.

"Halitukani, lakini linakusukuma," alisema Mama Birika akimimina. "Ukiitwa elderli, kabla hujajibu umeshaletewa kiti cha magurudumu. Yule mama siku alipoondoka kapita hapa kwa miguu, teksi kaiacha nyuma."

"Vinteji!" Taarifa aliruka. "Hilo ndilo! Vinteji ni kitu cha zamani lakini cha fahari. Gari la vinteji, gauni la vinteji. Linatolewa Jumapili tu, watu wanapiga nalo picha."

"Mama mkwe wangu hatolewi Jumapili," alisema Spoku kwa uchungu. "Anajitoa siku yoyote anayotaka. Na kuendeshwa hataki, anaendesha yeye."

Kutoka dukani mteja wa kichwa nusu akapaza sauti: "Kinyozi, mimi nitakuwa vinteji humu humu!"

"Vumilia, kaka, hapa tunaokoa ndoa!"

Brashi akauliza taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. "Kile kiti cha mnadani... wenyewe wanakiitaje?"

"Antiki," alisema Taarifa.

"Na antiki ndiyo nini?"

"Kizee ambacho watu wanakigombea."

Wakatazamana. Hata Mama Birika akaishia kukoroga birika lisilohitaji kukorogwa. Spoku alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Kizee, lakini wanakigombea. Brashi, niandikie. Herufi kubwa, azione tangu kule kona."

Shuka nyeupe ikatolewa nyumbani kwa Spoku, palepale nyuma ya kijiwe, ile ya wageni. Brashi akaitandika juu ya meza ya kunyolea, akachovya. Kijiwe kiliziangalia herufi zikizaliwa moja moja: KARIBU MAMA. WEWE NI ANTIKI. Spoku alilisoma bango kwa sauti, akalisoma tena kimoyomoyo, akasema hata yeye angeitwa hivyo angesamehe. Kisha akakimbilia nyumbani kuoga.

Aliporudi, shati limepigwa pasi, bango lilikuwa limeshatundikwa kati ya duka la kinyozi na baiskeli zake. Teksi nayo ilikuwa inasimama. Hapo ndipo Spoku alipoona kwamba chini ya yale maneno kulikuwa na mstari wa pili.

MALI SAFI. BEI MAELEWANO.

"Brashi!" alinong'ona, roho ikimtoka. "Hiki nini?"

"Nafasi ilibaki chini." Brashi alikuwa ameanza kurudi nyuma. "Miaka yote naandikia maduka, kaka. Mkono ukiona nafasi hauniulizi."

Mlango wa teksi ukafunguliwa. Mama mkwe alishuka bila kushikwa, miwani ikining'inia kifuani, akaivaa. Nyuma yake mkewe Spoku alishuka na kapu tupu. Kapu la sufuria. Spoku alilijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumtazama. Alikuwa anasoma. Alisoma mstari wa kwanza, akashuka wa pili, akapanda tena wa kwanza. Kijiwe kizima kiliacha kunywa.

"Kinyozi."

"Naam, mama."

"Hii antiki inawekwa wapi?"

Taarifa alishusha mkasi. "Ndani, mama. Sebuleni, pale pazuri kabisa. Haiachwi juani."

"Inafanya kazi gani?"

"Haifanyi kazi yoyote, mama. Inafutwa vumbi tu, na kutazamwa."

"Ikiwa inakula sana?"

Spoku akatamani ardhi ipasuke, lakini swali lilikuwa lake. "Italishwa, mama," alijibu, sauti nyembamba. "Italishwa mpaka iseme basi."

"Mbele ya mashahidi hawa?"

"Mbele yao, mama. Nilikosa. Ule mdomo sikuuwekea breki."

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. "Mkwe wangu, nilikuja kukusema kisha niondoke. Lakini umeandika bei maelewano, na mimi naona tumeelewana." Akamgeukia dereva. "Mwanangu, nirudishe nyumbani mara moja nikachukue godoro langu na cherehani. Nahamia hapa."

Mkewe Spoku alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Alipoliachia lile kapu, cheko likatoka lote. Akamfuta mumewe ile grisi ya kwenye paji la uso ambayo sabuni ilikuwa imeisahau, akaingia ndani kwake kuangalia kama jiko bado linawaka.

Teksi ikaondoka na mama. Spoku alibaki amesimama chini ya shuka yake, mke amempata, uso haujaamua ucheke au ulie.

"Haya, mama tumempatia jina," alisema Brashi kutoka alikojificha. "Sasa huyu tumwiteje?"

Mama Birika alikuwa anakusanya vikombe.

"Mlinzi wa makumbusho," alisema. "Nendeni makwenu."