Kaktasi ya Mama na Tawi la Utepe Mwekundu

Jumatano, 4 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Barbara. Siku ya kukata matawi ya mcheri na kuyatia majini ndani ya nyumba, yachanue mkesha wa Krismasi. Miaka mingine ni pambo tu. Mwaka huu ni vita. Mama Mkubwa Ottilie anahamia mjini Graz kwa binti yake mwezi ujao, na paka wa huko hutafuna kila kilicho kijani. Kwa hiyo kaktasi anayoitunza inabaki. Kaktasi ya marehemu mama yangu! Ina miaka sitini, na kila Krismasi huchanua maua ya waridi mpaka dirisha halionekani.

Nilidhani ni yangu, sina haja ya kuomba. Wapi! Mama Mkubwa kaamua tuishindanie, mimi na binamu yangu Notburga. Kila mmoja akate tawi kwenye mcheri wa bustanini kwake. Litakalotangulia kuchanua, mwenyewe anachukua kaktasi. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba mimi ndiye mtoto wa marehemu.

"Vinzenz, mwanangu," akasema, "wewe hata ua la plastiki ukilitazama linanyauka."

Notburga alicheka mpaka akatafuta kiti. Nimeumia. Lakini akili ni mali, na mimi ninazo.

Alhamisi, 5 Desemba

Baridi ya kugandisha haijapiga bado, na mcheri usiopigwa baridi hauamki. Dawa yake inajulikana: tawi linalala kwenye friza usiku mmoja, kisha linaogeshwa maji ya uvuguvugu. Notburga katumia uvuguvugu, masikini. Kama uvuguvugu unaamsha, maji ya moto yataamsha mara mbili! Nimechemsha sufuria kubwa ya supu. Tawi limetoa harufu nzuri sana, kama jamu.

Tumeyapeleka asubuhi. Jagi moja, dirishani jikoni kwa Mama Mkubwa, ubavuni mwa kaktasi. Langu lina utepe mwekundu, lake wa buluu. Mama Mkubwa katoa amri moja tu: kaktasi isiguswe, na zaidi ya yote isigeuzwe. Sasa imejaa matumba, na ikigeuzwa wakati huu huyadondosha yote. Tumeitikia kwa pamoja, kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Jumanne, 10 Desemba

Nakwenda kila siku kukagua. Kila siku nahitaji kisingizio. Ijumaa shada la msonobari la mlangoni. Jumamosi shada la Majilio la mezani, la kungojea Krismasi, ingawa alikuwa nalo tayari. Jana matawi ya kuweka juu ya kabati. Mama Mkubwa kaniuliza kama nina mpango wa kumhamishia msitu mzima.

Alipotoka kuchukua kuni, nikatia jagini vijiko vitatu vya sukari na kikombe cha pombe kali ya peasi. Lishe! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilipofika mlangoni kwangu ndipo nikakumbuka kwamba jagi ni moja. Nimemnywesha na adui.

Jumamosi, 14 Desemba

Tawi la buluu linavimba. Langu linatafakari.

Nimegundua sababu! Notburga yuko upande wa jiko la kuni, mimi niko upande wa kioo penye upepo. Hujuma. Leo nimeligeuza jagi. Kaktasi ilikuwa imeliegemea, kwa hiyo nimeibeba kidogo, nimeiweka juu ya meza, kisha nimeirudisha. Nusu dakika tu. Sina hakika niliirudisha ikitazama upande gani, lakini mmea hauna pua, nani atajua?

Jumatano, 18 Desemba

Matumba yako sakafuni. Yote, isipokuwa moja.

Nilimkuta Mama Mkubwa amepiga magoti, akiyaokota moja moja na kuyatia kwenye mfuko wa aproni. Miaka themanini na sita, na magoti yale. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mama yangu aliileta kaktasi hii nyumbani akiwa bibi harusi, kikonyo kimoja ndani ya aproni, na haijawahi kukosa Krismasi hata moja. Nikaona aibu. Nilifungua mdomo nikiri. Nikajisikia nasema lazima ni upepo. Notburga, ambaye naye alikuwa jikoni, alinitazama kwa muda mrefu mno.

Nimeamua: lazima niishinde kaktasi hii, ili niitunze na kulipa kosa langu. Ni wajibu sasa, si tamaa. Shida ni kwamba tawi la Notburga linakaribia kupasuka, na langu limekauka kama kijiti cha kuchokolea jiko.

Jumapili, 22 Desemba

Nimefanya! Theluji imeanguka hatimaye. Nimeingia jikoni kutoka kwenye baridi ile, Mama Mkubwa alikuwa stoo akitafuta kopo la biskuti. Miwani yangu ikafunikwa na ukungu papo hapo. Sikuona hata dirisha. Lakini mikono yangu ni myepesi. Nimepapasa, nimefungua fundo, nimefungua la pili, nimebadilisha tepe, nimefunga. Nilikuwa nakaza la mwisho ndipo Mama Mkubwa akatokea na kunivuta sebuleni nile biskuti zake za vanila. Nimekula kumi na moja. Ushindi unatia njaa.

Nikitoka nimekutana na Notburga langoni. Mchangamfu ajabu! Kanipiga begani na kusema keshokutwa nitafurahi. Masikini, hajui linalomngoja.

Jumanne, 24 Desemba

Saa kumi jioni. Maua meupe tele kwenye tawi moja la mcheri, kama povu la maziwa. Mama Mkubwa akavaa miwani yake na kushika utepe.

Buluu.

Nilisogea nikatazama mwenyewe. Buluu kabisa. Utepe mwekundu ulikuwa umening'inia kwenye kijiti changu kilichochemshwa. Ajabu ni kwamba Notburga ndiye aliyeshtuka zaidi. Tukanywa supu ya tambi na soseji, nami sikusikia ladha.

Wakati wa kuosha vyombo Notburga akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni: "Jumamosi nilibadilisha tepe, Vinzenz. Wako nikaufunga kwenye tawi langu. Ni kaktasi ya mama yako, nilitaka uipate wewe."

Nikakausha sahani moja mara tatu. Nikasema labda Mama Mkubwa alizirudisha.

"Labda," akasema. "Na pombe ya peasi labda ilimwagikia jagini yenyewe. Akili nyingi huondoa maarifa, ndugu yangu."

Kisha akaenda dirishani. Akakata kikonyo kile kimoja, chenye lile tumba moja lililobaki, akakipanda kwenye kikombe cha kahawa cha Mama Mkubwa, akanipa mkononi. Maji kidogo tu, udongo ukikauka. "Na usikigeuze," akasema. Nililia, naandika hivyo hivyo bila kuficha. Nimekileta nyumbani ndani ya koti, kifuani.

Alhamisi, 26 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Stefano. Tumba liko hai! Ncha yake imeanza kuwa ya waridi, rangi ile ile ya maua ya kaktasi ya mama. Sijamwagilia hata tone. Sijachemsha chochote. Nimekuwa mtu mpya, nimejifunza subira na ukweli, na nitamwambia Mama Mkubwa kila kitu, pengine baada ya kuhama.

Kuna jambo moja tu. Tumba linatazama ndani, kabatini, na Notburga atapita hapa saa nne akitoka kanisani. Ni haki yake aone jinsi ninavyolitunza. Nimekigeuza kikombe kidogo tu.