Kanze Anatua Saa Sita Mchana

Jumatatu, 4 Agosti
Kanze anarudi! Miaka minne Toronto, akifanya unesi. Anapanda ndege huko Jumatano saa nne usiku. Mamake, Bi Kadzo wa Munje, alinipa habari alipokuja dukani kununua chakula cha kuku. Bahati mbaya Garama alikuwa papo hapo, masikio wazi. Naye anamtaka Kanze. Mimi nilianza!

Sikai, sisimami. Nimempimia mteja pumba badala ya mahindi.

Jumanne, 5 Agosti
Nitampokea mimi. Kwa ngoma! Nimeweka rula kwenye ramani: Toronto hadi Mombasa, kilomita elfu kumi na mbili na ushei. Ndege hukata mia tisa kwa saa. Safari ya saa kumi na nne, basi. Atatua Alhamisi saa sita mchana. Hesabu safi.

Garama akasema si tumuulize mwenyewe. Nikamjibu kwamba kuuliza ni kazi ya wasiojua.

Alhamisi, 7 Agosti
Tulikuwa uwanja wa ndege tangu asubuhi. Bi Kadzo, mashangazi sita, ngoma mbili, sufuria la wali wa nazi.

Saa sita ndege ikatua. Vigelegele! Akatoka bwana mmoja mnene wa Kisumu. Shangazi mkubwa haoni vizuri, akamvisha shada. Bwana akakataa kulivua. Alisema tangu azaliwe hajapokewa hivyo.

Saa tisa nikawaambia ndege yake imecheleweshwa na upepo. Saa kumi na moja wali ukaisha. Ndipo simu ya Bi Kadzo ikalia. Alikuwa Kanze, yuko Istanbul, anangoja ndege nyingine.

“Mama, ngoma hizo za nini? Mko harusini?”

Atatua kesho mchana. Kumbe alipoondoka Toronto saa nne usiku, kwetu kulikuwa kunapambazuka. Huko wako nyuma saa saba. Sasa nani angejua? Bi Kadzo alinitazama sana. “Haya, mwanangu Munyoki,” akasema, “turudi nyumbani.” Mashangazi wakapakata sufuria tupu mpaka kwetu Msambweni. Heri wangenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti
Garama alimchukua Bi Kadzo kwa gari lake, kimyakimya. Nilipopata habari nikatoka mbio. Tulipishana Likoni: mimi kwenye feri inayokwenda, wao kwenye inayorudi. Kanze akanipungia mkono. Nikapunga kwa mikono yote miwili. Garama akapiga honi. Mshenzi!

Jumatatu, 11 Agosti
Habari njema! Garama alikwenda Munje juzi mchana na jana mchana, amevaa suti. Mara zote mbili Kanze amelala fofofo. Bi Kadzo anasema mwili wake bado uko Toronto: mchana analala, usiku yuko macho, hana wa kuzungumza naye.

Nimeshapanga. Kuanzia sasa nitaishi kwa saa za Toronto. Nimefunga duka, nimezima taa, nimejifunika shuka. Jasho linanitoka. Wateja wanagonga mlango, wanapiga kelele eti ni saa nne asubuhi.

Watu wengine hawana adabu. Usiku wa manane huu!