Kanuni za Kudumu za Mafundi Cherehani

Kwa heshima na taadhima, walimwengu wote wanaarifiwa kwamba chama cha mafundi cherehani wa nyuma ya soko kimeacha ushamba. Zamani wanachama wake walikuwa wakikaa, wakisemezana, wakikubaliana, kisha wakirudi kazini. Aibu hiyo imekwisha. Sasa chama kina Kanuni za Kudumu, na tangu zianze kutumika hakijakubaliana jambo lolote.

Aliyeleta neema hii ni mwenyekiti, ambaye siku hizi huitwa Mheshimiwa. Usipomwita hivyo, hakusikii. Alipata kazi ya kutundika mapazia katika ukumbi ambamo wakubwa hutunga sheria. Wakubwa walikuwa wakibishana chini, naye yuko juu ya ngazi, misumari mdomoni. Kusema hawezi, basi akasikiliza. Alipoteremka hakuwa mtu yule yule. Alikuwa anajua kutoa hoja, hoja ya utaratibu, taarifa, akidi na kugonga meza. Hoja zenyewe zilihusu nini, hilo halikufika kule juu.

Mama Pindo alikuwa mwanachama wa siku nyingi, na cherehani yake ilikaa dirishani. Jina alilipata kwa pindo zake, maana hata uigeuze nguo ndani nje, hujui sindano ilipita wapi. Maneno yake yalikuwa machache. Alikuwa na haya hata akipima kiuno cha mteja hutazama pembeni. Kazi yake ilikuwa suruali na sketi nyeusi za watu wa maofisini, na kitambaa cheusi na uzi mweusi haviivi chungu kimoja na giza. Dirisha lile ndilo lililomfaa kama mume tangu mume mwenyewe aliposafiri akasahau njia ya kurudi. Wateja walimpitishia nguo papo hapo kutoka barabarani, naye akawarudishia papo hapo. Watoto wake wawili walikula, wakavaa na wakaenda shule kwa dirisha hilo.

Ikawa Mheshimiwa ana mpwa, binti wa dada yake, ametoka mafunzoni juzi na cherehani mpya inayong'aa.

"Mashine kama hii," alisema Mheshimiwa, "huwezi kuificha gizani kama unaficha mwizi."

Kwa hiyo ajenda ya kikao cha Jumamosi ilikuwa moja tu: Kupanga Upya Mwanga. Maana yake mpwa aende dirishani, na Mama Pindo aende kona ya chooni, kule ambako taa iliungua na haijabadilishwa. Ajenda iliiita kona hiyo Ukanda wa Utulivu. Ilikwisha kufagiliwa, ikamsubiri mwenyewe.

Siku hiyo Mama Pindo alifika mapema. Njiani alikuwa amejifunza sentensi moja, akiirudia kimoyomoyo mpaka ikalainika: "Ndugu zangu, nikiondoka dirishani sioni, na nisipoona sili." Ilikuwa fupi, haina hila, na ndiyo maana haikuwa na matumaini yoyote.

Mlango ulifungwa. Cherehani zilifunikwa. Kiti cha Mheshimiwa kilikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, kwa sababu kanuni zinasema kiti kitukuke. Alipanda kwa kushikwa kiuno na watu wawili, akakaa, kichwa kikagusa dari. Chini yake kidogo alikaa makamu wake, Babu Pasi, mpiga pasi wa chama, aliyechaguliwa kwa kura nyingi kwa sababu ya uwezo wake wa kulala.

"Kikao kimefunguliwa. Yapo maswali ya utaratibu?"

Yalikuwapo. Yalikuwapo siku zote, kwa sababu swali la utaratibu ndilo pekee ambalo halikumuudhi mtu. Fundi Zipu alisimama. Huyu alikuwa mshonaji hodari, na mdomo wake ulifunguka kwa urahisi kuliko jina lake.

"Mheshimiwa, mtu akipiga chafya, amechangia au hajachangia?"

Mheshimiwa alifumba macho, akatafakari. "Chafya moja ni taarifa. Ya pili ni mchango."

"Na akipiga miayo?"

"Huyo anapinga hoja."

"Basi Babu Pasi ni mpinzani mkubwa."

"Futa kauli!"

"Nimeifuta, Mheshimiwa. Ila ilikwisha toka."

Wakati huo panya alikatiza katikati ya ukumbi bila kuinama mbele ya kiti. Mheshimiwa alimpa onyo la kwanza. Maji ya mvua ya jana yakadondoka darini, yakampata fundi wa makoti utosini. Fundi huyo alitaka kusema neno juu ya paa, akakumbushwa kwamba hoja ya paa ililetwa, haikuungwa mkono, ikaanguka, na kwa mujibu wa kanuni hoja iliyoanguka hairudi mpaka mwaka uishe. Akakaa. Maji, ambayo hayajui kanuni, yaliendelea kuchangia.

Mama Pindo aliinua mkono.

"Ndugu zangu, niki..."

"Mama Pindo, unasimama kama nani?"

"Kama mimi, Mheshimiwa."

"Nauliza, wewe ni mhusika wa jambo hili?"

"Ndiyo. Ni mimi ninayehamishwa."

"Basi huwezi kusema. Mhusika ana masilahi. Akisema atajipendelea."

"Na mpwa wako je?" aliuliza Fundi Zipu, akimtazama binti aliyeketi mlangoni na cherehani yake mpya.

"Huyo hahusiki. Yeye anahamia tu."

Mama Pindo alikaa. Sentensi yake ilibaki mdomoni kama pini aliyoisahau. Alitazama dirisha. Nje mteja alikuwa amesimama na suruali mkononi, akachungulia, akaona kikao, akaenda zake na suruali yake.

"Sasa," alisema Mheshimiwa, "naomba mjumbe mmoja atoe hoja ya mwanga."

Fundi wa makoti alijikuna shingo. Fundi Zipu alikagua kucha. Hawakumpenda mpwa wala hawakumchukia, ila kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kukaa, na kila mmoja alijiuliza: leo ni zamu ya Mama Pindo kupangwa upya, kesho ni zamu ya nani? Kumtetea hawakuthubutu, kumsukuma kwa mikono yao wakaona haya. Waliamua kufanya kile ambacho Mheshimiwa alikuwa amewafundisha kwa bidii muda wote, yaani kunyamaza.

"Hakuna?" Mheshimiwa alikunja uso. "Basi nitaitoa mwenyewe."

Babu Pasi alifumbua jicho moja. "Mwanangu, si ulitufundisha kwamba aliyekalia kiti hana upande?"

Mheshimiwa aliwaka kwa furaha. Mwalimu gani hafurahi mwanafunzi mzito anapojibu? "Mmesikia? Babu kaelewa kuliko nyote! Sahihi kabisa. Nashuka, nakabidhi kiti kwa makamu, natoa hoja kama mwanachama wa kawaida."

Meza ziligongwa. Mheshimiwa akashushwa, Babu Pasi akapandishwa kama gunia. Alipokaa kule juu alifumbua na jicho la pili. Kulikuwa na hewa kule, na kwa mara ya kwanza watu wote walikuwa wanamtazama.

Mwanachama wa kawaida alitoa hotuba. Alisema mwanga ni rasilimali ya pamoja. Alisema dirisha kumilikiwa na mtu mmoja si uzalendo. Alisema giza nalo lina fursa zake, na kwamba Mama Pindo, kwa uzoefu wake, anashona hata kwa kupapasa. Akapangusa jasho. "Natoa hoja."

"Nani anaunga mkono?" aliuliza Babu Pasi.

Mafundi walitazamana. Aliyekuwa na uwezo wa kuwapanga upya sasa alikuwa amesimama sakafuni kama wao, maji yakimdondokea. Hakuna mkono uliopanda.

"Hoja imeanguka."

"Sawa, sawa," alisema Mheshimiwa, "tutatafuta njia nyingine. Haya Babu, shuka nirudi."

"Nani kakupa nafasi ya kusema?"

Mheshimiwa alicheka. Alicheka peke yake. "Babu, hicho kiti changu."

"Ulikikabidhi. Ukikitaka, toa hoja."

"Natoa hoja nirudi kitini!"

"Nani anaunga mkono?"

Fundi Zipu alipiga chafya. Wote wakasubiri ya pili. Haikuja.

"Hiyo ni taarifa tu," alisema Babu Pasi. "Hoja imeanguka, na hairudi mpaka mwaka uishe."

Mheshimiwa alimgeukia mpwa wake. "Wewe! Unga mkono basi!"

"Mjomba, mimi ni mgeni mwalikwa. Si uliniambia nikifungua mdomo nitaharibu?"

"Nilikuambia usiseme mapema! Sasa sema!"

"Nikisema sasa, si nitakuwa nimesema?"

Ikabaki shida ya mahali pa kumweka mwanachama wa kawaida. Mheshimiwa alikuwa amehamisha cherehani yake siku nyingi ili kupisha meza ya kiti. Nafasi zote zilikuwa na wenyewe, isipokuwa moja iliyofagiliwa vizuri, tena na yeye mwenyewe. Alipelekwa Ukanda wa Utulivu. Mpwa wake alimsaidia kubeba cherehani, akaiweka ya kwake kando ya hiyo, maana naye hakuwa na pengine. Kwa muda zilisikika sauti za mtu anayetafuta tundu la sindano, akilikosa.

"Hoja ya utaratibu!" ilitoka sauti gizani. "Huku hakuonekani kitu! Naomba nisogezwe dirishani, hata pembeni tu. Nikiendelea hivi nitakosa wateja!"

"Wewe ni mhusika," alisema Babu Pasi. "Huwezi kusema. Mwenye dirisha anaweza kukusemea, akipenda. Mama Pindo, kiti kinakusikiliza."

Vichwa vyote viligeuka. Mama Pindo alikuwa amekwisha funua cherehani yake. Alisimama taratibu, akakunja kitambaa cheusi mara mbili, akakiweka chini. Sentensi aliyojifunza njiani ilikuwa bado ipo, nzima, tayari kutoka. Alitazama kona ya chooni. Giza lilikuwa limesimama wima kwa matumaini.

"Mheshimiwa Babu," alisema kwa sauti ndogo, akitazama pembeni, "jambo hili ni zito. Naomba liundiwe kamati."

"Nani anaunga mkono?"

Mikono yote ikapanda, na wa mpwa ukiwamo, ambaye hakuwa na kura.