Ngazi ya Chuma Iliyoniibia Mdogo Wangu

Kwa Mheshimiwa Meya wa Mji wa Santa Fosca,
Ofisi ya Manispaa, ghorofa ya juu, mlango wenye feni.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umekwisha kula. Nakuandikia kama mwananchi wa mji huu, si kama mama yako mkubwa, kwa hiyo usianze kutabasamu, Gualtiero. Nimevaa viatu vya kanisani ili niiandike. Uisome ukiwa umekaa wima.

Nalalamikia ngazi.

Majira ya kuchipua manispaa yako iliweka ngazi ya chuma pale Mawe ya Mtawa, chini ya makaburi, ngazi inayoshuka moja kwa moja mpaka kwenye maji ya kina. Ulikata utepe. Bendi ikapiga. Ukasema kwenye kipaza sauti kwamba bahari ni ya kila mtu, hata wazee wetu. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Sikujua kwamba naupigia makofi msiba wangu mwenyewe. Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zako wewe, mwanangu, nimezifua mimi ulipokuwa mdogo.

Sasa nayataja malalamiko yangu kwa namba, kama ofisi inavyopenda.

1. Kuhusu uchaguzi wa ufuo. Katika nyumba yetu ufuo huchaguliwa na mtu mmoja, naye ni mimi. Kila asubuhi nafungua dirisha, naitazama bendera ya stesheni, nalowesha kidole, kisha natangaza. Upepo ukitoka kaskazini, tunakwenda Ufuo Mkubwa, kwa Amedeo mkodisha miavuli, safu ya pili. Upepo ukitoka kusini, tunakwenda Ufuo Mkubwa, kwa Amedeo, safu ya pili. Pasipokuwa na upepo, tunakwenda hapohapo kabla watu hawajajaa. Utaratibu huu umefuatwa tangu mimi na mama yako tukiwa wasichana wa kusuka nywele. Waume zetu wamekuja na wamekwenda mbele ya haki, na mwavuli ukabaki palepale. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Basi asubuhi moja mwezi wa sita nashuka ngazi za nyumba na kikapu changu, namkuta mama yako mlangoni kavaa viatu vya mpira, vile vya watoto wa kuchezea majini, rangi ya waridi.

"Leo naenda Mawe ya Mtawa," akaniambia.

"Kuna upepo," nikamwambia.

"Hakuna upepo, Dada."

"Utakuja."

"Ukija, utanikuta nimeshalowa."

Akaenda. Hata kofia hakuchukua. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Mama yako amechagua maji.

2. Kuhusu karata. Unajua kwamba chini ya mwavuli wetu huwa tuko wanne: mimi, mama yako, Pierina na Tosca. Karata za watu wanne haziwezi kuchezwa na watatu. Tulijaribu kumweka mume wa Pierina mahali pa mama yako. Yule bwana husinzia akiwa na karata nzuri na huamka akiwa na mbaya. Siku ya tatu Tosca alimtupia ganda la tikiti maji. Urafiki wa miaka mingi umetikisika, Mheshimiwa, na chanzo chake ni chuma kilichonunuliwa na manispaa.

3. Kuhusu afya ya umma. Katika mji huu kila mtoto anajua kwamba aliyekula haingii baharini mpaka chakula kishuke. Ndivyo tulivyolelewa, ndivyo nilivyokulea wewe, ukakaa mchangani unalia huku wenzako wa kigeni wakirukaruka majini na soseji mdomoni. Uko hai mpaka leo kwa sababu hiyo. Sasa mama yako ameonekana, na mashahidi wapo, akiingia baharini mara tu baada ya chakula cha mchana, na tunda la pichi mkononi. Na hakufa! Hilo ndilo linalonikera zaidi. Watoto wamemwona hakufa. Mjukuu wa Tosca ameshamuuliza bibi yake, "Mbona Bibi Iolanda hakufa?" Tutawatisha na nini sasa?

4. Hili si lalamiko, ni maelezo, lakini lazima liandikwe mahali.

Nilikwenda mwenyewe kumrudisha. Nilishuka kwa njia ya makaburi, kandambili zinateleza, mwavuli wa mvua mkononi kama fimbo. Nikawakuta watu wazima wa mji huu wamejianika juu ya mawe kama samaki wa kukausha: mke wa mfamasia, mwalimu mkuu wetu wa zamani, na yule Bwana Ottorino aliyekuwa dereva wa treni, ambaye sasa anawafundisha wanawake wa umri wangu kupiga mbizi. Tumbo wazi. Wote wanacheka. Sikuona hata mwavuli mmoja.

Mama yako alikuwa mbali, karibu na boya la njano, kichwa tu kinaonekana. Nikapaza sauti.

"Iolanda! Toka! Umekula!"

"Bibi Leonilde," Bwana Ottorino akanijibu, "amekula pichi moja tu!"

"Pichi lina kokwa," nikamwambia, "na kokwa huzamisha!"

Walicheka, Mheshimiwa. Mke wa mfamasia alicheka mpaka akashikilia mwamba. Mimi naamini hoja yangu ilikuwa ya kisayansi.

Mama yako akaja akiogelea polepole, bila haraka ya mtu aliyeitwa na mkubwa wake, akapanda ngazi yako akasimama mbele yangu anachuruzika. Ana rangi kama ya mkate uliotoka tanuri. Sikumbuki lini nilimwona na mabega kama yale.

"Dada, shuka kidogo tu," akasema. "Vishikio vipo."

"Mimi nimekuja kukuchukua."

"Unichukue unipeleke wapi? Mimi ni mtoto?"

"Kivulini."

Akafuta uso kwa kiganja. Hakukasirika. Ningependelea angekasirika.

"Maisha yote umenichagulia kivuli, Dada. Hata bwana harusi ulimkagua wewe kwanza. Mimi sijachoka na wewe. Nimechoka na kivuli."

Maneno hayo yalisemwa hadharani, mbele ya mwalimu mkuu. Na kuhusu bwana harusi, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba baba yako, Mungu amrehemu, nilimchagua vizuri. Wewe mwenyewe ni ushahidi, hata kama leo ushahidi wenyewe unajenga ngazi.

Niligeuka nikapanda njia ya makaburi. Sikuanguka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni mimi, na guu la mama yako bado zima, lakini majira ya joto nayo hayajaisha.

5. Kuhusu uvumi. Wapo wanaosema kwamba Leonilde anaichukia ngazi kwa sababu anaogopa maji. Uongo mtupu. Mimi huingia baharini kila siku, mpaka magotini, kwa heshima, najirushia maji mabegani, natoka. Mtu mwenye adabu hana haja ya kujua kilichoko chini ya magoti yake. Sijawahi kufundishwa kuogelea kwa sababu utotoni mwetu mmoja aliogelea na mmoja alibaki kulinda nguo, na mkubwa ndiye hulinda nguo. Nimezilinda vizuri. Hakuna hata leso iliyopotea.

6. Lalamiko la mwisho, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Juzi mji ulikuwa umejaa, si unajua mwenyewe Agosti ilivyo, watu wanalala mpaka ndani ya magari. Amedeo akaja chini ya mwavuli wangu na kalamu sikioni.

"Bibi Leonilde, hiki kiti cha pembeni niwape wale Wajerumani?"

"Hicho kina mtu."

"Mtu mwenyewe yuko wapi, Bibi?"

"Yuko baharini."

Akatazama baharini. Pale mbele kwetu palikuwa na watoto tu na mbwa wa kunyolewa. Amedeo ni kijana mwenye ulimi mrefu, nimemgombeza mara nyingi, lakini siku ile aliitoa kalamu sikioni akaitia mfukoni. Alikifuta kile kiti mchanga, akalaza taulo juu yake ili kionekane kina mwenyewe, akaenda zake. Kuhurumiwa na Amedeo! Nilivaa miwani yangu nyeusi nikakaa nayo mpaka jua likazama, Pierina akaniuliza kama nina homa.

Kwa sababu hizo zote naiomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Kwanza, ngazi ing'olewe. Ikiwa mafundi wako likizo, basi ipakwe mafuta ya zeituni, nitayatoa mwenyewe. Hilo likionekana la hatari, Mawe ya Mtawa yapandishiwe bendera nyekundu kila siku, hasa siku bahari ikiwa imetulia, maana siku hizo ndizo za hila. Iwapo bendera haitoshi, itungwe sheria ndogo kwamba ndugu wa tumbo moja wanaoishi nyumba moja wataoga ufuo mmoja, utakaochaguliwa na mkubwa wao, kwa kidole. Na ikiwa mawe hayawezi kufungwa kwa sababu ni ya Mungu, basi iondolewe bahari ya upande ule. Ya upande wa Amedeo inatutosha sote. Yote yakishindikana, naomba askari wa manispaa waniletee mama yako nyumbani, kama walivyoniletea paka wangu mwaka juzi. Hakuna aliyeona ajabu wakati ule.

Mimi si mtu wa kutisha viongozi. Nakukumbusha tu kwamba uchaguzi ni majira ya kuchipua yajayo, na kwamba mimi, Pierina na Tosca tunajuana na kila mwanamke anayenunua samaki katika mji huu.

Msalimie mkeo Mirella na umwambie mtoto asilale na nywele mbichi. Msalimie katibu wako, yule mpole, na mlinzi wa mlangoni na mkewe. Msalimie Padre ukimwona kabla yangu. Wasalimie wote wa ghorofa ya chini, hata wale wa kodi. Bwana Ottorino naye msalimie, lakini salamu zake ziwe fupi.

Nabaki, kwa heshima na kwa uchungu, mpiga kura wako mpaka hapo nitakapobadili mawazo,

Leonilde, mama yako mkubwa
(nimeandika kama mwananchi)

Nyongeza: Barua hii haikuondoka. Nilifika posta nikakuta imefungwa kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, nikarudi nayo mkobani. Basi jana nikaona si haki kulalamikia kitu ambacho sijakikagua, nikaenda Mawe ya Mtawa kwa ukaguzi tu. Alfajiri, ili nisionekane. Nikawakuta wote wameshafika.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama yako alitangulia kushuka, akawa chini yangu ananishika vifundo vya miguu, mimi nashuka kinyumenyume, macho nimeyafumba.

"Mguu wa kulia, Dada. Sasa wa kushoto. Sasa achia."

"Niachie nini?"

"Ngazi."

Sikuiachia. Bwana Ottorino akasema kutoka juu, "Bibi, maji ya leo ni kama supu!" Nikamwambia supu mimi huipika, siingii ndani yake. Mama yako akaanza kucheka, kile kicheko chake cha utotoni cha kukoroma puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba yako alipofariki. Na mimi, katika kugeuka nimtazame, nikaiachia.

Maji yalinibeba, Gualtiero. Mwili wangu huu wote, na umri wake, yaliubeba bila kunung'unika. Mama yako aliniweka kiganja mgongoni akawa ananiambia nitazame juu, na kule juu hakukuwa na mwavuli, ni mbingu tu, kubwa kuliko nilivyodhani. Nililia kidogo. Baharini haionekani, maji yote ni ya chumvi.

Kwa hiyo ngazi ibaki. Ila ni moja, na asubuhi tunapanga foleni kama kwa mwoka mikate, na kesho Pierina na Tosca nao wanakuja. Naomba ya pili iwekwe haraka. Kishikio chake kiwe upande wa kushoto, kwa sababu mkono wangu wa kulia ameushika mama yako na hataki kuuachia.

L.