Kadi ya Mkwe Wangu Nimeilaza Kitandani

Jumatatu, 3 Machi
Leo fundi kafunga kisanduku ndani ya lori langu. Cheusi, kina kitaa chekundu, kinanikodolea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Sheria mpya! Asubuhi mkwe wangu, ndiye dereva, anachomeka kadi yake, kisanduku kinahesabu. Akiendesha kwa muda wa saa tisa, mwisho. Apumzike muda wa saa kumi na moja ndipo aguse tena usukani. Nikamwambia fundi kwamba marehemu mume wangu aliendesha siku mbili mfululizo bila kuhesabiwa na mtu. Akauliza marehemu alikufa kwa nini. Nikajibu kwa ajali, ila hayo hayamhusu. Vijana hawana adabu.

Jumanne, 4 Machi
Mwenye kinu anataka lori moja la kumbebea unga mwaka mzima. Anatujaribu wawili: mimi na jirani yangu, Bibi Miwani, mwenye lori jipya na mdomo mkuukuu. Kila mmoja apeleke shehena kwenye ghala lake la mbali, ifike keshokutwa kabla ya saa sita mchana. Nikikosa, lori litakaa uani litagiwe na kuku, na ndilo linalotulisha sote, binti yangu, mumewe na wajukuu wanne.

Bibi Miwani kachungulia uani, kauliza kama kisanduku nakiweza, mimi niliyeishia darasa la nne. Nikamwambia darasa la nne la enzi zetu linawafundisha wajukuu zake.

Jumatano, 5 Machi
Nimesafiri na mkwe, mimi mwenyewe. Mambo makubwa hayaachiwi wanaume. Tumepakia unga, tukatoka saa nne asubuhi. Jioni saa zake tisa za kuendesha zikatimia, kisanduku kikaanza kulia kama mtoto wa kunyonya. Mkwe akasema kwa upole, Mama, tulale hapa.

Tulale! Na ghala limebaki mwendo wa saa tatu tu!

Nikafikiri. Kisanduku hakimjui mkwe wangu. Kinaijua kadi. Basi iliyochoka ni kadi! Nikaichomoa, nikaifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikailaza vizuri kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Nikamwambia mkwe, kadi inapumzika, wewe endesha. Akakohoa mara tatu. Mkwe hambishii mama mkwe, na mimi heshima hiyo naila mwaka wa kumi na mbili sasa. Akaendesha.

Nusu saa mbele, mizani. Mkaguzi, mama mmoja mwembamba kama fagio, akasoma kisanduku. Akasema lori limetembea kilomita ishirini na tano bila dereva. Akamwuliza mkwe nani aliendesha. Mkwe akatazama viatu vyake. Angesema ukweli, leseni ingekwenda. Roho ikaniuma. Nikasema ni mimi.

Akaomba leseni. Nikasema ninaendesha kwa uzoefu. Akauliza klachi iko wapi. Nikasema iko mahali pake. Wapima mizigo wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mkaguzi akaandika, akaandika. Lori lisiondoke mpaka mkuu wake aje, kesho saa nne. Na bibi huyu asikae karibu na usukani.

Alhamisi, 6 Machi
Tumefika saa sita na nusu. Nusu saa! Dereva wa Bibi Miwani kashashusha mzigo, kaoga, anachokonoa meno. Jana alilala palepale mizani, saa zake zote kumi na moja, akaondoka asubuhi akitupungia mkono. Mwenye kinu kapiga simu. Kazi kampa Bibi Miwani.

Binti yangu kapiga hesabu nyuma ya bahasha huko nyumbani, kanisomea kwa simu: tungelala pale kisanduku kilipolia, tungefika saa tatu asubuhi bila jasho. Nikamwambia hiyo ni hesabu ya bahasha, si ya barabara.

Ijumaa, 7 Machi
Tumerudi mchana. Jioni mkwe kaja na shati lililopigwa pasi, kakaa ukingoni mwa kiti. Bibi Miwani ameongeza lori, anamtaka. Mama, naomba ruhusa yako, kasema, kule kisanduku kinasikilizwa. Nikamwambia nenda mwanangu, watoto lazima wale. Nikageuka kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Lori lipo uani. Kuku mmoja ameshalikagua.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejiandikisha shule ya udereva. Miaka sabini na moja, na nimevaa viatu vya kufunga. Mwalimu kauliza kama nimewahi kuendesha. Nikamwambia aulize mizani, nimeandikwa rasmi.

Maana siku zote tatizo lilikuwa moja tu: kadi ilikuwa peke yake! Nikipata leseni nitapata kadi yangu, na nimemwandikisha na dada yangu. Kadi ya mmoja ikilala, ya mwenzake inaamka, mimi naendesha mpaka nichoke mwenyewe. Dada kasema haoni jicho la kushoto. Nikamwambia atulie. Kadi haina macho.